Sauti Ikikauka Wiki ya Tatu

Tarehe 28 Aprili 1888, Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alikubali kuikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa mwambao ulio mkabala na visiwa vyake, yaani pwani ya Tanzania bara ya leo. Miezi michache baadaye Abushiri bin Salim na wenzake walikuwa wameshika bunduki huko Pangani. Katika baraza za mwambao wakati huo, pengine hakuna aliyejua kwamba siku mkataba ule ulipotiwa saini, Kaizari wa Ujerumani hakuweza kutamka hata neno moja. Friedrich III alikuwa akipumulia mrija uliopenyezwa shingoni, na aliyotaka kusema aliyaandika kwenye vipande vya karatasi. Alitawala siku 99 tu. Alifariki tarehe 15 Juni, akiwa na umri wa miaka 56, kwa saratani ya zoloto, kile kisanduku cha sauti kilicho kooni.

Ugonjwa wake ulianza kwa jambo ambalo mtu yeyote angelipuuza. Januari 1887 sauti yake ilikauka, na haikurudi. Profesa Gerhardt wa Berlin aliona kinundu kwenye nyuzi za sauti, akakiunguza kwa waya wa moto mara kadhaa, kikaota tena. Kufikia Mei madaktari wa upasuaji, wakiongozwa na Ernst von Bergmann, walikuwa tayari kumpasua. Hapo akaitwa bingwa wa koo kutoka London, Morell Mackenzie, naye akasema hakuna kupasua kabla kinyama hakijapimwa. Alichomoa vipande vidogo, vikapelekwa kwa Rudolf Virchow, mtaalamu aliyewafundisha madaktari wa zama zake kutafuta ugonjwa ndani ya seli. Virchow hakuona saratani katika vipande vile. Upasuaji ukasimamishwa. Septemba mwaka huohuo Malkia Victoria wa Uingereza, mama mkwe wa mgonjwa, alimtunukia Mackenzie cheo cha heshima. Novemba, mgonjwa akiwa San Remo nchini Italia, uvimbe ulikuwa mkubwa kiasi kwamba ubishi uliisha wenyewe.

Mackenzie alikuwa na haki ya kudai kipimo. Kilichomwangusha ni kuamini vipande vidogo huku ugonjwa ukiendelea kukua mbele ya macho yake. Sauti ile mbovu ilisikiwa na jumba zima la kifalme kwa miezi kumi, kila mtu akiwa na maelezo yake. Hali hiyo haijabadilika sana. Saratani ya kongosho au ya ini hujificha ndani ya tumbo, lakini nyingi za kichwa na shingo huota mahali ambapo mwenyewe anapaona kwenye kioo, mke anausikia mkwaruzo wa sauti, na kinyozi anaigusa shingo. Shida ni kwamba kila dalili yake ina maelezo mengine ya kawaida, na watu huyakubali maelezo hayo kwa miezi mingi.

Madaktari wanapotaja saratani za kichwa na shingo hawamaanishi ubongo wala jicho, na kwa kawaida hawaihesabu hata ile tezi inayoleta goita. Wanamaanisha njia ya juu ya chakula na hewa: midomo, ulimi, ufizi, mashavu kwa ndani, sehemu iliyo chini ya ulimi, kaakaa, tonsili, koo lote hadi kwenye zoloto, pamoja na pua, mifuko ya hewa iliyo ndani ya mifupa ya uso, na tezi za mate. Umio, mrija unaoshusha chakula tumboni, huhesabiwa peke yake. Takriban tisa kati ya kila saratani kumi za kundi hili huanzia kwenye seli bapa za ule utando laini unaotanda ndani ya mdomo na koo. Duniani watu wapatao 890,000 hugunduliwa nazo kila mwaka, na karibu nusu ya idadi hiyo hufariki kwa mwaka. Wanaume ni wengi kuliko wanawake, kwa sababu ambazo si vigumu kuzikisia.

Sababu ya kwanza ni tumbaku, iwe imevutwa, imetafunwa, imenuswa au imebanwa chini ya mdomo. Moshi wa sigara unajulikana. Shisha ilikuja na hadithi kwamba maji huchuja sumu, hadithi ambayo haina msingi wowote. Rwanda na Kenya ziliipiga marufuku Desemba 2017, na Uganda iliijumuisha katika sheria yake ya tumbaku ya mwaka 2015 pamoja na tumbaku ya kutafuna. Ugoro wa wazee nao hutiwa magadi, na magadi hufanya nikotini ipenye haraka kwenye utando wa pua na mdomo, jambo linalomfunga mtumiaji zaidi. Sudan wana tumbaku yao ya kubana mdomoni iitwayo toombak, ambayo ikipimwa maabara huonyesha viwango vya juu sana vya kemikali ziletazo saratani, na hospitali za Khartoum zimepokea vinywa vilivyoharibiwa nayo kwa miaka mingi.

Tumbaku inapokutana na pombe, hatari hazijumlishwi, huzidishwa. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1988 ulikuta kwamba viwili hivyo ndivyo vilivyobeba takriban robo tatu ya saratani za mdomo na koo nchini humo, na kwamba mtu aliyevuta pakiti mbili kwa siku na kunywa sana alikuwa na hatari zaidi ya mara 35 ya yule asiyetumia vyote viwili. Mwili huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, kemikali inayoharibu vinasaba vya seli, na kazi hiyo huanzia mdomoni kwenyewe. Tena pombe huufungulia njia moshi upenye vizuri zaidi kwenye utando. Bia, mvinyo, gongo au chang'aa, hakuna tofauti; kinachodhuru ni pombe iliyomo.

Sigmund Freud, baba wa uchambuzi wa nafsi, ni mfano ambao madaktari hupenda kuutaja. Mwaka 1923 alikutwa na saratani ya kaakaa na taya. Katika miaka 16 iliyofuata alifanyiwa upasuaji zaidi ya mara 30, akavaa taya ya bandia iliyomtesa akila na akiongea, na bado hakuacha sigara zake kubwa hadi alipofariki London mwaka 1939. Mtu aliyechunguza tamaa za binadamu kuliko wengine alishindwa na yake mwenyewe. Hilo liwape nafuu kidogo wale wanaolaumiwa majumbani kwamba hawana nia ya kuacha.

Pwani ina kisa chake. Tambuu ilivuka Bahari ya Hindi karne nyingi zilizopita, na kuanzia Lamu hadi Zanzibar jani la mtambuu likikunjwa na popoo, chokaa, katu na mara nyingi kipande cha tumbaku limekuwa takrima ya mgeni na pambo la harusi. Wengi waliosikia habari za saratani waliondoa tumbaku wakabaki na vingine, wakijiona salama. Mwaka 2003 wataalamu waliokutana chini ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lenye makao Lyon, Ufaransa, waliamua kwamba popoo yenyewe, hata bila tumbaku, husababisha saratani kwa binadamu. Kabla ya saratani popoo hukakamaza mashavu: utando wa ndani hugeuka mweupe na mgumu, pilipili huwasha kupita kawaida, na mdomo hupungua kufunguka mwaka hadi mwaka. Mtu mzima mwenye mdomo wa kawaida anaweza kuingiza vidole vitatu vilivyopangwa wima kati ya meno ya mbele. Mla tambuu asiyeweza tena kufanya hivyo hana haja ya kungoja kidonda ndipo aende kwa daktari wa meno.

Siku hizi kitu chenyewe huuzwa kikavu, ndani ya pakiti ndogo za rangi, na vijana wa mijini hukiita kuberi au gutka kutegemea kilichomo. Zimetoka India, nchi ambako saratani ya mdomo ndiyo inayoongoza miongoni mwa wanaume. Majimbo ya India yalianza kuipiga gutka marufuku mwaka 2012. Wafanyabiashara wakajibu kwa kuuza pakiti mbili, moja ya popoo iliyokolezwa na nyingine ya tumbaku, mnunuzi akachanganya mwenyewe.

Lakini wapo wagonjwa ambao hawajavuta, hawajanywa, wala hawajaonja tambuu. Hawa huwaacha ndugu zao wakijiuliza wamekosa nini, na jibu mara nyingi ni virusi. Kirusi cha papiloma, kile kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi, huweza pia kukaa kwenye tonsili na shina la ulimi, kikipita njia ya kujamiiana, hasa kwa mdomo. Nchini Marekani takriban asilimia 70 ya saratani za sehemu hiyo ya koo zinatokana nacho, na mwigizaji Michael Douglas, aliyeugua mwaka 2010, aliwafanya watu walizungumze jambo hilo mezani. Chanjo ipo. Rwanda ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuitoa kwa taifa zima, mwaka 2011. Uganda ikafuata 2015, Tanzania 2018, Kenya 2019, na tangu 2024 msichana wa Tanzania hupewa dozi moja tu. Kampeni zote hizo zililenga wasichana na mlango wa kizazi. Wazazi wanaosikia uvumi kwamba sindano hiyo inaharibu uzazi wangefaa kuambiwa kwamba inalinda hata koo.

Kirusi cha pili kina historia inayoanzia Kampala, na ni ya kujivunia kuliko inavyofahamika. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, amtazame mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwa amewahi kuona kitu kama kile vitabuni. Muda si mrefu akamwona mtoto wa pili Jinja, mwenye uvimbe uleule. Akafukua majalada ya hospitali, akakuta wengine wengi, na mwaka 1958 akachapisha makala kuhusu uvimbe wa taya za watoto wa Afrika. Watu wachache waliisoma.

Mwaka 1961, yeye na madaktari wawili wa misheni walipanda gari kuukuu na kusafiri wiki kumi, kilomita zipatazo 16,000, kuanzia Uganda kupita Kenya na Tanganyika hadi kusini mwa bara, wakisimama hospitali kwa hospitali kuuliza swali moja huku wakionyesha picha: mmewahi kumwona mtoto kama huyu? Ramani waliyorudi nayo ilionyesha kwamba uvimbe ule hukaa mahali penye joto na mvua na hukosekana kwenye baridi ya milimani, ramani iliyofanana mno na ya malaria. Leo inajulikana kwamba malaria inayorudi mara kwa mara hudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto, na kirusi fulani kikapata nafasi.

Kirusi chenyewe kilionwa London. Anthony Epstein alikuwa ukumbini Machi 1961 Burkitt alipotoa mhadhara kuhusu watoto wa Uganda, akatoka akiwa na hakika kwamba ugonjwa unaofuata joto na mvua lazima una kijidudu. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala. Kwa karibu miaka mitatu hakuona kitu. Desemba 1963 ukungu ulifunika London, ndege ikageuzwa kwenda Manchester, na kifurushi kikafika kimechelewa, maji yake yametibuka kana kwamba yameoza. Badala ya kuyamwaga Epstein aliyaweka chini ya hadubini, akakuta seli za uvimbe zinaelea zikiwa hai. Kutokana na seli kama hizo, mapema 1964, yeye na wenzake Bert Achong wa Trinidad na Yvonne Barr wa Ireland walikiona kirusi cha kwanza kujulikana kuwa kinasababisha saratani ya binadamu. Kinaitwa Epstein-Barr. Achong aliachwa nje ya jina.

Saratani ya Burkitt ni ya seli za kinga, kwa hiyo madaktari huiweka katika familia nyingine, ingawa mzazi anachokiona ni taya. Hukua kwa kasi kubwa, meno ya mtoto yakalegea ndani ya siku chache, lakini hutibika kwa dawa peke yake, na ilikuwa miongoni mwa saratani za kwanza duniani kuponywa hivyo. Mwaka 1967 kituo cha kuitibu kilifunguliwa Mulago, nacho ndicho kilichokua kikawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Kirusi hichohicho kilikutwa baadaye kwenye saratani ya sehemu iliyo nyuma kabisa ya pua, juu ya kaakaa, pale pua inapokutana na koo. Zaidi ya watu tisa kati ya kumi duniani wamebeba kirusi hiki maisha yao yote bila kuugua, kwa hiyo lazima kuna kingine kinachoongezeka. Kusini mwa China, ambako ugonjwa huu ni mwingi mno, samaki wa chumvi wanaolishwa watoto wadogo wamethibitika kuchangia. Nairobi, katika miaka ya 1960 na 1970, daktari Peter Clifford wa Hospitali ya Kenyatta alishuku moshi wa kuni unaojaa ndani ya nyumba za nyanda za juu. Ubaya wa saratani hii ni kujificha kwake. Haionekani mdomo ukifunguliwa, na hushika hata vijana. Mara nyingi ishara ya kwanza ni uvimbe wa shingoni, au sikio moja kuziba, au pua kutoa damu upande mmoja tu. Hong Kong wamepata njia: mwaka 2017 watafiti walitangaza kwamba wamepima damu ya wanaume zaidi ya 20,000 wasio na dalili, wakitafuta mabaki ya vinasaba vya kirusi, wakagundua wagonjwa 34, wengi wao wakiwa bado katika hatua za mwanzo.

Kwa wengine wote, kipimo cha kwanza ni macho na saa ya ukutani. Kidonda cha mdomoni cha kawaida, kile cha kujing'ata au cha joto la mwili, hupona ndani ya wiki mbili. Sauti iliyokauka kwa mafua au kwa kushangilia mpira hurudi ndani ya siku kumi. Kwa hiyo madaktari wengi huweka mpaka wa wiki tatu: kidonda, mkwaruzo wa sauti, maumivu wakati wa kumeza, doa jeupe lisilofutika au jekundu kama mahameli, jino linalolegea bila sababu, uvimbe wa shingo usioisha. Doa jekundu ni baya kuliko jeupe. Kutouma si dalili njema, maana saratani changa mara nyingi haiumi kabisa, na hilo ndilo linalowapoteza watu wengi. Maumivu ya sikio moja wakati sikio lenyewe halina kasoro yanastahili kutiliwa shaka pia, kwa kuwa neva za koo na za sikio zina uhusiano. Wenye virusi vya UKIMWI waangalie hasa kaakaa: madoa ya zambarau pale yaweza kuwa Kaposi, saratani ya jamaa nyingine ambayo dawa za kupunguza makali husaidia kuidhibiti.

Katika hospitali za Afrika Mashariki wagonjwa wengi hufika hatua ya tatu au ya nne. Njia waliyopitia hufanana. Jino linauma na kulegea, linang'olewa, kidonda hakifungi, linang'olewa la pili. Au koo linawasha, na mtu anapelekwa kwa fundi akakatwe kimeo, zoea lililo hai Tanzania hadi leo, ambalo halijawahi kutibu saratani na limewahi kuleta damu isiyokoma na pepopunda. Au shingo inavimba, na kwa kuwa kifua kikuu cha tezi ni kingi kwetu, mgonjwa anaanzishiwa dozi ya miezi sita kabla ya kipimo chochote. Daktari aliyedhani kifua kikuu hakuwa mjinga. Hesabu za ugonjwa katika eneo lake zilikuwa upande wake. Kosa ni kungoja miezi sita iishe ndipo aulize kwa nini uvimbe unakua. Sindano nyembamba ya kufyonza seli kutoka kwenye uvimbe huweza kuutofautisha mapema, na inapaswa kutangulia kisu. Saratani ikishaingia hata kwenye tezi moja ya shingo, matumaini ya kupona hupungua karibu nusu.

Watu wenye ualbino wana njia yao, iliyo fupi na katili zaidi. Kwao jua hushambulia midomo, masikio, uso na shingo, na wapo wanaopata saratani ya ngozi wakiwa bado na umri wa miaka ya ishirini. Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilicho KCMC, hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua yaitwayo Kilisun, yaliyobuniwa kwa ajili yao. Kofia yenye ukingo mpana na mafuta hayo ni bora kuliko upasuaji wowote utakaofuata.

Kinyama kikishathibitisha saratani, tiba ni tatu: kisu, mionzi na dawa, peke yake au kwa pamoja. Saratani ya nyuzi za sauti ikikamatwa mwanzoni, zaidi ya wagonjwa wanane kati ya kumi hupona, tena wengi wakibaki na sauti yao. Ikichelewa, zoloto lote huondolewa. Theodor Billroth alifanya upasuaji huo kwa mara ya kwanza dhidi ya saratani huko Vienna, siku ya mwisho ya mwaka 1873. Mgonjwa wake aliishi miezi kadhaa tu. Leo mtu aliyeondolewa zoloto huishi miaka mingi, akipumua kupitia tundu lililo chini ya koo. Hawezi kuogelea, na akioga hulinda tundu lisiingie maji. Kuongea hujifunza upya: kwa kumeza hewa na kuicheua kama sauti, kwa kifaa cha umeme kinachobanwa shingoni, au kwa vali ndogo ya silikoni inayopitisha pumzi kwenye umio. Sauti hizo hutisha watoto siku za mwanzo. Nyumba ikizizoea, mzee hurudi kugombana na wajukuu kama zamani.

Mionzi ndiyo tiba ambayo wengi huifikia, na ndiyo isiyoelezwa vya kutosha. Mpango wa kawaida ni vipindi 35, siku tano kwa wiki, kwa wiki saba. Kila kipindi ni dakika chache na hakiumi. Ugumu huja wiki ya tatu: mdomo unachubuka, mate yanakauka, ladha ya chakula inapotea, ngozi ya shingo inaungua kama kwa jua. Uji wa karanga, mtindi, parachichi iliyopondwa na maziwa huwa ndiyo riziki, na wengine huwekewa mpira wa kulishia kupitia puani. Ni wakati huo mgonjwa hutamani kwenda nyumbani kupumzika wiki mbili. Asiende. Vipindi vikikatizwa, seli za saratani zilizobaki hupata muda wa kuzaana, na nafasi ya kupona hushuka. Kuendelea kuvuta sigara huku ukipigwa mionzi nako hupunguza nguvu ya tiba.

Kabla ya mionzi kuna hatua moja ambayo hurukwa mara nyingi, kwenda kwa daktari wa meno. Meno yaliyooza yanapaswa kung'olewa na vidonda vyake kupona kwanza, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi hauna damu ya kutosha. Jino likija kung'olewa miaka miwili baadaye, mfupa huweza kufa na kutoka vipandevipande.

Wiki saba ni rahisi kwa anayeishi karibu. Taasisi ya Saratani Ocean Road, iliyo kwenye jengo la hospitali ambayo Wajerumani waliifungua Dar es Salaam mwaka 1897, hupokea wagonjwa kutoka kila pembe ya Tanzania, na kwa mkulima wa Songea au Kigoma gharama kubwa mara nyingi ni chumba na chakula cha siku 50 kwake na kwa ndugu anayemuuguza. Bugando ya Mwanza imewapunguzia safari watu wa Kanda ya Ziwa. Udhaifu wa kutegemea mashine moja ulionekana Uganda mwaka 2016, pale mashine pekee ya mionzi ya taifa, iliyokuwepo Mulago tangu 1995, ilipoharibika kabisa. Mpya ilizinduliwa Januari 2018, na katika kipindi hicho baadhi ya wagonjwa walipelekwa Nairobi. Wengi hawakuwa na njia ya kwenda popote. Ukimsaidia mgonjwa kwa jambo moja, basi iwe malazi: harambee inayolipia chumba wiki saba huokoa tiba ambayo serikali imeshailipia mashine.

Msomaji mwenye kioo na tochi ya simu anaweza kuanza leo jioni. Fungua mdomo, vuta mashavu, inua ulimi, utoe upande huu na ule, kisha papasa shingo kuanzia chini ya sikio hadi kwenye mfupa wa bega. Ukikuta kitu, andika tarehe. Kikiwa bado kipo wiki tatu baadaye, nenda kwa daktari wa meno au wa masikio, pua na koo, umwonyeshe tarehe hiyo, na usikubali dawa ya tatu ya kusukutua kabla hajakueleza kama kinyama kitachukuliwa au la, na kwa nini.